Nyumba ya Bibi Wegesa

Jumatano, 9 Julai 2025

Mugumu. Mama amepiga simu tena na tena. Karamu ya kumkumbuka Bibi Wegesa ni Jumapili, niende Kemambo haraka, ng'ombe ameshapatikana. Nina magauni ya kwaya hayajapindwa hata moja! Nimemwachia fundi mwenzangu cherehani, roho juu.

Elia alitaka kunisindikiza. Nimekataa. Harusi yetu ni Desemba lakini kwetu hajajitambulisha, sasa aanzie kaburini? Tena haachi kuuliza: bibi alimwoaje mama yako? Nimeeleza mpaka nimechoka. Bibi hakupata mtoto wa kiume. Mumewe akafa. Akatoa ng'ombe zake mwenyewe akamwoa mama, ili watoto wa mama wawe wa nyumba yake. Ndiyo inaitwa nyumba ntobhu, hata watoto wa shule Tarime wanaijua. Mama akanizaa mimi tu. Basi. Mwanamume aliyenizaa simjui na sijawahi kumtafuta. Nikiulizwa wa nani, mimi wa Wegesa.

Elia akasema, kwa hiyo una baba mwanamke. Akacheka. Nikacheka pia, lakini haikunipendeza.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefika. Vumbi tupu kuanzia Nyangoto, malori ya mawe hayaishi barabarani. Bodaboda akaniuliza naenda kwenye ile pombe ya marehemu. Habari zimeshafika mbali.

Mama amekonda. Pombe ya ulezi inachacha kwenye mitungi nyuma ya nyumba, harufu kila kona. Mimi Msabato, sinywi, lakini harufu hiyo ni ya bibi, nimesimama pale nikalia kidogo.

Halafu nikamwona Mogesi, mtoto wa shemeji yake bibi. Anazunguka shamba letu na fimbo, anaonyesha watu mpaka. Sijasalimiwa! Mama ananiambia taratibu: Jumapili Mogesi ndiye atakayemwagia bibi pombe kaburini, kwa sababu nyumba haina mtoto wa kiume. Akishamwagia, nyumba imefungwa. Shamba lake, na mama chini yake.

Nikamuuliza mama, na wewe umekubali? Akasema, nikatae na nani.

Sijala. Nimezunguka uani mpaka mama ameniambia nakanyaga kuku.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Nashoni, ndiye mkubwa wa ukoo. Shikamoo yangu hata hakumaliza kuiitikia, nimeshaanza kumwaga maneno. Kwamba mimi ni mtoto wa nyumba ile. Kwamba bibi alinilea mgongoni mwake. Kwamba Mogesi hakuja hata siku moja bibi alipokuwa amelala hoi. Nitamwagia mimi.

Mzee akauliza, umefikiri? Nimefikiri. Kuna aliyekutuma? Hakuna. Una mume? Bado, nikasema. Elia hajatoa hata posa, ningesemaje?

Mzee akatabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Akasema, basi bibi yako hakufa bure, utamwagia wewe. Akaitisha fimbo yake, akatoka hapo hapo, sikujua anakwenda wapi.

Nimerudi nimevimba kichwa. Nimepita mbele ya Mogesi makusudi. Kaguna, katema mate, kaondoka na fimbo yake.

Mama sikumwelewa. Nilidhani atapiga vigelegele. Akaendelea kuchambua dagaa, akauliza kama kweli nimesema sina mume.

Jumamosi, 12 Julai

Niandike tu.

Nimetoka kanisani nikakuta mwanamke uani. Umri wangu au chini kidogo, mtoto mgongoni, mfuko wa nguo pembeni. Anafagia. Anafagia uwanja wetu! Nikamuuliza mama, huyu nani?

Mama akasema, anaitwa Rhobi. Mkeo.

Nikacheka. Mama hakucheka.

Kumbe kumwagia siyo kumwagia tu. Anayemwagia anasema mbele ya ukoo kwamba nyumba imesimama, na nyumba iliyosimama lazima iwe na mke ndani, wa kuzaa watoto wa nyumba. Ninachukua nafasi ya bibi, na mwenye mume haruhusiwi. Nitakuwa vile bibi alivyokuwa kwa mama. Mzee Nashoni jana alikwenda moja kwa moja kwa baba yake Rhobi. Ng'ombe watatolewa zizini kwa bibi.

Nikamfokea mama, kwa nini hukuniambia? Akasema, ulikwenda mwenyewe kwa mzee, nikajua unajua. Mtoto wa Wegesa asijue?

Sikujua. Nilidhani ni kama Mugumu, mtu anaweka shada la maua, anapigwa picha, anaenda kula pilau. Nimejipalia makaa kwa domo langu mwenyewe.

Nimempigia Elia. Akasema, rudi leo hii, mwache huyo jamaa amwage pombe yake, shamba tutanunua Mugumu. Na mama je? Mama atakuja kukaa na sisi. Nikamuuliza, na kaburi la bibi nalo litakuja kukaa na sisi? Akasema nisimletee ushirikina. Nimekata simu. Nampenda, na nimemkatia simu.

Jumapili, 13 Julai

Naandika chumbani kwa bibi. Watu wamejaa nje, ng'ombe ameshachinjwa, wazee wamekaa kuzunguka kaburi. Mogesi naye kavaa koti, kasimama karibu kuliko wote. Anajua. Mtu amemwambia nina mchumba. Anasubiri nishindwe.

Rhobi ameingia na kibuyu cha pombe. Nikaona nimwambie ukweli, yeye hana kosa. Nikasema nina mtu, Mugumu, Desemba tunaoana kanisani.

Hakulia. Akanionyesha mkono wake, mfupa wa kifundo umeungana vibaya. Kazi ya mumewe wa kwanza. Akasema alipoambiwa anakwenda nyumba ya mwanamke mwenzake alikubali kabla baba yake hajamaliza kusema. Hapa nitalima, nitalala, akasema. Kama hutaki, mwambie mzee sasa hivi, niondoke watu wakiwa kwenye nyama, nisiaibike sana.

Kwenda wapi? Akasema kwa yule yule mume, baba yake hawezi kumkalisha.

Mzee Nashoni ameita jina langu. Nimeitikia, nakuja. Sijatoka.

Nikisema hapana, mama ataanza kumwomba Mogesi mahali pa kupanda mihogo. Nikisema ndiyo, nimwambie nini Elia? Na kanisa? Simu yangu inaita, ni yeye, naiacha iite. Bibi ulifanyaje wewe, ulikuwa na umri gani, uliogopa? Sikuwahi kukuuliza. Nakukasirikia na nakutamani.

Mama kaja mlangoni. Hajasema nenda wala usiende. Kaniangalia tu, kageuka.

Wameita tena. Sauti ya Mogesi sasa, anasema basi, kama mtoto haonekani, atamwagia yeye. Nimesimama, naandikia dirishani. Mtoto wa Rhobi ameamka, analia, amebanwa na kanga mgongoni tangu asubuhi, mama yake hajamshusha hata kidogo, anasubiri jibu langu kama mtu wa kuondoka wakati wowote. Nimemwambia mshushe mtoto, anaumia. Ameniangalia sana, kama vile nimesema abaki. Halafu kaanza kufungua fundo la kanga, polepole, macho kwangu, na mimi sijamwambia aache —