Lango Lisifungwe

Jumatatu, 7 Aprili
Pangani. Nimepima kina cha mto asubuhi na jioni, kama kawaida. Matope hadi magotini. Tasnifu yangu ya uzamili imefika sura ya mwisho, na sura hiyo imesimama ardhini: lango la chuma katika tuta linalolinda mashamba ya mpunga. Linaning'inia kwa bawaba. Maji ya chumvi yakijaa mtoni yanalisukuma, linajifunga. Yakipwa, maji ya mvua yanalifungua kutoka shambani. Nimelichora mimi. Nalipenda.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua kubwa. Profesa wangu kapiga simu kutoka Dar. Bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, ni Jumapili, na lango analiona jepesi. Nimerudia hesabu. Uzito unatosha. Nimemwambia hivyo. Kasema sawa.

Ijumaa, 11 Aprili
Mzee Shehe, mwenyekiti wa wakulima, kaja na mnyororo na kufuli. Anataka lango lifungwe hadi bamvua lipite. Nimempa shikamoo yake, kisha nikakataa. Tukilifunga, maji ya mvua yatakwama ndani. Mpunga utaoza.

"Na ukikosea, mwanangu?"

"Sijakosea, baba."

Bi Mwanaidi, ambaye miche yake ndiyo iliyo karibu zaidi na lango, akasema: "Mwacheni. Shamba langu, na mie nimeridhia."

Hapo ndipo nilipoogopa. Hesabu hazinitishi. Uso wake ulivyoniamini ulinitisha.

Jumapili, 13 Aprili
Laasiri mto ulipanda kuliko nilivyowahi kuuona. Lango likajifunga, paa! Watu wakashangilia.

Halafu maji yakachuruzika upande wa kushoto. Matundu ya kaa. Chumvi inapenya ndani ya tuta lenyewe, mbali na lango. Hilo sikuliwaza kabisa. Mzee Shehe akaniangalia. Nikapaza sauti: "Lango ni zima, tuta ndilo linalovuja! Leteni viroba vya mchanga!"

Akashika koleo yeye mwenyewe. Bi Mwanaidi akashindilia udongo kwa visigino. Tukaziba. Magharibi mto ukashuka, lango likafunguka lenyewe, maji ya mvua yakatoka kwa kasi. Nimelia mbele ya watu. Sijali. Wali wa nazi kwa Bi Mwanaidi, sahani mbili.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimempigia Profesa. Lango limefaulu, tuta limenishinda. Anataka sura nyingine. Ataipata.

Jumamosi, 19 Aprili
Mvua imekatika. Miche ya pembeni imekauka kwa chumvi, mistari michache. Mingine yote kijani. Nimeshinda shambani na Bi Mwanaidi, tukipandikiza mipya badala ya ile iliyokufa. Hatukuzungumza sana. Mgongo unauma vizuri.

Mama mmoja alipita njiani, akauliza huyu mgeni ni nani.

Bi Mwanaidi hakuinua kichwa. "Mhandisi wetu."

Nikachukua mche mwingine.