Mutuku Hataki Kupungua

Baba,

Nimekwama kwenye salamu. Barua zote ulizonifundisha kuandika zilianza kwa kuuliza hali, na wewe nitakuulizaje hali? Basi nianze na ya huku. Mvua imekuja Kalama, mahindi ya shamba la juu yametoka vizuri, na kaburi lako limeshika nyasi, sikuzing'oa zote. Mimi bado nafundisha shule ileile. Mutuku ndiye anayeendesha duka lako la vifaa vya ujenzi pale Machakos mjini, na wateja wanasema anajua kuongea kama wewe.

Hayo ni maneno ya kuzunguka. Nimekaa kukuandikia kwa sababu Mutuku hataki kupungua, na mimi nimeshindwa. Haki ya Mungu, Baba, nimeshindwa.

Amenenepa, kijana wako. Amefuga tumbo lile lako la zamani, lile lililokuwa likiingia dukani kabla yako. Golikipa mzima! Siku hizi mpira wa chini akiufuata anaanguka kama gunia la simiti, na kuinuka ni shughuli. Kocha wake amemweka benchi. Mwezi uliopita kichwa kilimuuma mpaka akafunga duka mchana, nikamkokota kliniki. Daktari akampima presha, akampima tena, halafu akaniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye. Alisema apunguze mwili, apunguze chumvi na mafuta, na aanze na chakula cha asubuhi kwa maana hapo ndipo anapojiharibu. Mutuku akasema ndio daktari, asante daktari. Tulipotoka nje ya geti akanunua mandazi.

Nilimwangalia akiyala, moja baada ya jingine, anajipangusa mafuta kwenye suruali.  

Unakumbuka ile asubuhi wewe ulipokuja jikoni mwenyewe? Nilikuwa ndio nimetoka chuo cha ualimu, bado nakimbia mbio ndefu. Wewe ulikuwa umeanguka ule mtihani wa marefa, ule wa kuzunguka uwanja. Miaka yote umepuliza filimbi kila Jumapili, sasa wanakuambia ukae nje mpaka upate pumzi. Na wale vijana wa mpira hawana adabu, walishaanza kukuita Refa Pipa. Ukasimama mlangoni, ukaniita Mwaitu, mama, kama ulivyoniita tangu nizaliwe kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Ukasema, "Mwaitu, nyinyi watu wa kukimbia mnakulanga nini asubuhi?"

Nilifurahi, hujui nilivyofurahi. Tangu Mama atutoke nilikuwa nakupikia tu unachotaka, na ulichotaka ni chai ya sukari mpaka kijiko kinasimama, mkate mweupe wa siagi, na mayai yanayoogelea kwenye mafuta. Nikakutoa huko. Nikakuweka kwenye uji wa wimbi na mtama usio na sukari, viazi vitamu au nduma za kuchemsha, yai la kuchemsha, kipande cha papai. Siku za mazoezi marefu nilikuongezea muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, yaliyopikwa jana yake, bila kukaanga. Nikakueleza kwamba mtu wa kukimbia hajinyimi chakula. Anakula vizuri asubuhi, kitu kitakachomkalia tumboni mpaka mchana, ili asifike saa nne anatafuta mandazi kama mtoto. Ukauonja ule uji, ukafumba macho, ukasema, "Asi! Hata wafungwa wanapewa sukari." Lakini uliumaliza. Kila siku uliulalamikia na kila siku uliumaliza.

Na tulikimbia. Mimi mbele, wewe nyuma, unaniambia nisikungoje, halafu nikikuacha unaita nikungoje. Mkanda wako ulitobolewa kwa msumari wa dukani, ukatobolewa tena. Siku uliyopita mtihani ulipuliza filimbi kutoka getini mpaka jikoni, na mbwa wa jirani wakakujibu. Sijawahi kukuona umejipenda vile.

Halafu watu wakaanza kukuona.

Miaka ile mtu akipungua hakuna aliyeuliza amefanya mazoezi gani. Walimtazama shingo, wakatazamana. Mteja anakuja dukani kununua mabati, akikuona anasema, "Pole, mzee." Wewe unauliza pole ya nini, naye anajikunakuna tu. Mwanzoni tulicheka. Ulikuja nyumbani unawaigiza, unavuta mashavu ndani, tunacheka mpaka machozi.

Siku ya akina mama wa kanisa hatukucheka. Walikuja bila kutuambia, wamejifunga leso, wamebeba sukari, mikate, mafuta ya kupikia na soda, kama tunavyofanya sote tukienda kumwona mgonjwa. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unapasua kuni. Ukaja na shoka mkononi, jasho linakutiririka, ukauliza, "Kwani nani mgonjwa?"  Wakaimba, wakaomba, mmoja wao akalia. Nikawatengenezea chai, hakuna aliyeigusa. Kila mmoja alikuwa ametoka kunywa kwake, eti ameshiba. Na hata kama ungekuwa na huo ukimwi wenyewe, Baba, chai yetu ingewafanya nini? Wagonjwa wangapi walikufa miaka ile bila mtu kunywa chai kwao? Hilo bado linaniuma kuliko mengine.

Ulienda ukapimwa damu, ukawa mzima. Sasa karatasi utamwonyesha nani? Ukiionyesha, wanasema mwenye kuhangaika na karatasi ana jambo. Na Mama, ambaye malaria ilimchukua nikiwa darasa la saba na mtaa mzima ulijua ni malaria, wakamfukua kwa maneno: kumbe naye pia. Timu moja iliyokuja kucheza ikakataa kuchezeshwa na wewe. Ukarudi nyumbani na nguo zako nyeusi za refa bado zimekunjwa mfukoni, safi, ukaziweka kitini.

Kesho yake ulisukuma bakuli la uji. Hukunikasirikia, na nilitamani ungekasirika. Ulisema, "Mwaitu, wacha ninenepe kidogo watu wanyamaze." Nikakuomba. Nikakuambia moyo wako haujui mambo ya watu wa mtaa, moyo unajua mafuta tu. Ukanipapasa kichwa kama mtoto. Ulianza na ileile sukari waliyoleta akina mama, ukamalizia na soda zao.

Na walinyamaza, sitakudanganya. Mashavu yalivyorudi na salamu zikarudi. "Sasa umepona, mzee! Umenona!" Walikushika mkono kwa mikono miwili. Wale akina mama walikuja tena, safari hii wakanywa chai, wakaongezewa. Filimbi ilitundikwa kwenye msumari na wewe ukawa unapanda ile ngazi fupi ya dukani ukipumua kwa mdomo. Nilikuona. Kila asubuhi nilikuona ukinona kuelekea kaburini, nami nikakuandalia meza, kwa kuwa ulikuwa baba yangu na ulikuwa umeniomba chai.

Presha ilikuangusha dukani, kando ya mzani wa misumari. Ulikuwa bado unamfungia mtu bidhaa.

Kwenye mazishi mzee mmoja wa ukoo alisimama, akasema maneno mazuri mengi, mwishoni akasema, "Na jambo la kutufariji ni kwamba alikuwa amepona vizuri, mwili ulikuwa umerudi." Watu wakaitikia. Jameni! Nilitaka kupiga kelele mpaka Athi River wasikie. Nikabaki nimekaa, nimeshika kitambaa changu, kwa maana mtoto wa marehemu hapigi wazee kelele mbele ya jeneza.

Sasa Mutuku. Mimi nilidhani anajua yote haya. Lakini kumbuka, wakati ule alikuwa Athi River kwenye kiwanda cha simiti, anakuja mwisho wa mwezi, analala, anaondoka. Alichokiona yeye ni baba mnene aliyemwacha nyumbani, halafu baba mwembamba anayenywa uji, halafu watu wakimwuliza stendi, "Mzee wenu anaendeleaje?" Halafu baba amenona tena, amepona, na ghafla amekufa. Kwake hesabu ni rahisi. Ugonjwa uliingia na uji wangu. Hajawahi kuniambia hivyo usoni, ananiheshimu. Alimwambia kocha, na kocha akaniambia mimi.

Nilimkabili. Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kama ninavyokueleza wewe hapa. Alinisikiliza, kichwa chini. Halafu akasema, "Dada, wacha iwe hivyo. Lakini mimi niko na duka. Nikipungua nani atanunua kwangu? Na afadhali nife watu wakisema Mutuku alikuwa ameshiba, kuliko nizikwe na minong'ono kama mzee." Nikamwambia siku hizi mambo yamebadilika, watu wamesoma, dawa zinapatikana, kuna hata wanawake mjini wanalipa pesa ili wapungue. Akacheka. Akasema hao ni wa Nairobi.

Nimejaribu ujanja. Nilimpunguzia sukari kwenye birika, akaongeza kikombeni. Nilimchemshia viazi vitamu vizuri, vile vya njano anavyovipenda tangu utotoni, akavila, halafu akala na mkate. Nilimwomba tukimbie wote, polepole, hata kutembea tu. Akasema watu wakimwona anakimbia watajua ana kitu anakikimbia. Ebu niambie, mtu kama huyo unamfanyaje?

Na kuna jambo jingine, nilitaka kulificha. Tangu ulipoondoka chakula hakipiti kwangu vizuri. Si kwa kutaka. Napika, naweka mezani, namtazama yeye, narudisha sahani yangu jikoni. Nikitoka shuleni nakimbia, kwa kuwa nikikimbia ndio silii. Basi nimepungua, Baba. Sketi zangu nimezishikisha kwa pini. Juzi mwalimu mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya upole kama kuna jambo ningependa kumweleza. Nikajua ile minong'ono imefika kwangu.

Jumamosi Mutuku hakufungua duka mapema. Alikuja jikoni amebeba mkate, siagi, sukari na soda. Akavipanga mezani mbele yangu. Huyu ndiye niliyemshika mkono siku tulipomzika Mama. Akakaa, kiti kikalia, akasema, "Kula, dada. Kula nikiona. Usinifanyie kama mzee." Na akalia. Mwanamume mzima, tumbo lote linatikisika, analia kama siku ile tulipokuzika.

Uji wake ulikuwa tayari. Nikamwambia, "Nikila huu mkate, utakunywa uji?" Akakubali haraka, angekubali chochote. Nikamsogezea bakuli. Nikakata mkate, nikapaka siagi nene, nikakoroga chai ikawa asali. Nikala. Niliteremsha kwa chai, kipande baada ya kipande. Yeye hakuwa anaangalia bakuli lake, alikuwa ananiangalia mdomo, kila tonge, kama vile mimi nilivyokuwa nikikuangalia wewe. Nilipomaliza kipande cha mwisho alivuta pumzi, akapangusa macho kwa kiganja, akaniambia, "Asante, dada. Asante sana." Akainuka akaenda kufungua duka.

Hakuugusa uji. Sidhani alifanya makusudi, alisahau tu. Nilisimama dirishani nikamtazama akishuka njia, anasalimia watu, anapumua kwa mdomo, na uso wake una furaha ambayo sijaiona tangu ufe. Alijua ameniokoa. Ningemwitaje arudi?

Basi, Baba, pumzika. Wasalimie Mama na huyo bibi niliyebeba jina lake. Najua ahadi ambayo ungeitaka, na hiyo siwezi kukupa. Siwezi kukuahidi kwamba atapungua, wala kwamba sitafuata jeneza lake njia ya Kalama nikiwa na kitambaa kingine mkononi. Ninachoweza kukuahidi ni hiki tu. Kesho nitaamka nipike uji wa watu wawili. Nitakula mkate wake, kwa kuwa unampa amani. Na bakuli lake nitaliweka hapohapo mbele yake, moto, na sitamgombeza.

Mwanao,
Ndinda