Katibu wa Tawi na Ukuta Wangu wa Magazeti

Jumanne, Ipuli

Mdomo huu uliowachekesha watu mpaka Kigoma na Mombasa, leo umeniponza mlangoni kwangu.

Kibanda cha baiskeli alichoniachia marehemu baba kimebandikwa magazeti ya zamani ukutani, kuzuia vumbi. Wateja wakisubiri, huwasomea vichwa vya habari na kuwaambia yatakayofuata. Leo nikasoma: "Viongozi Wote Kushika Jembe."

"Basi katibu wa tawi la chama atalima na tai shingoni," nikasema, "na mihogo haitaota mpaka aigongee mhuri!"

Mtani wangu Masudi akacheka hadi akaangusha pampu. Mara akanikonyeza. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

Akaunyooshea ukuta kidole. "Kesho asubuhi nakuja na katibu mwenyewe. Utamsomea yeye."

Mke wangu, Mama Zuhura, ana mimba ya mwezi wa tisa. Nikiwekwa ndani, nani atampeleka hospitali ya Kitete? Masudi kasema atampakia kwenye baiskeli. Baiskeli yenyewe haina breki, naijua mimi.

Jioni nikakibandua kile kichwa cha habari. Chini yake likatokea gazeti la enzi za mkoloni, alilolibandika baba: "Gavana Apokewa kwa Shangwe Tabora." Yuko pichani na kofia yake ya manyoya, ananitazama.

Nimekoroga uji mzito wa kugundishia, nimekirudisha kichwa kile cha kwanza palepale. Heri katibu anikute nimemcheka yeye, kuliko anikute nimemfuga Gavana.