Usijinaki, Baba Zuhura

Jumapili, Tabora. Mawingu yametanda tangu asubuhi, lakini mvua inatuzungusha tu. Nimetulia, ingawa jana nililia.

Neno kujinaki sijalisikia mtaani miaka mingi. Kamusi inasema ni kujisifu, kujivuna. Vijana wa leo wanasema kujimwambafai. Kwetu lilikuwa la mama peke yake, na alilitumia kwa mtu mmoja tu: baba.

Baba ana kisa chake. Walipooana, treni ilikwama, naye akabeba cherehani ya mama kichwani kutoka Igalula mpaka hapa mjini. "Babu zetu wamebeba pembe za ndovu mpaka pwani, mimi nishindwe na cherehani?" Kila Idi njia ilizidi kurefuka. Mwaka mmoja fisi wakaongezwa.

Mama, anachambua mchele, hata uso hainui: "Usijinaki, Baba Zuhura. Nusu ya njia uliipakia kwenye baiskeli ya mjomba." Sisi tunacheka, baba anaapa, pilau linaliwa.

Tangu mama afariki, baba hajakisimulia tena. Anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Nikimwomba kisa, ananijibu, "Mnakijua."

Naogopa. Nimeona wazee wakinyamaza hivi, halafu tukawazika.

Jana jirani yetu, Bi Mwajuma, alikuja kuazima cherehani ile. Akauliza ilitoka wapi. Baba akasema, "Ya mama yao. Niliileta mimi." Basi.

Sijui nilipatwa na nini. Mtoto kumwambia baba yake neno lile ni kukosa adabu, na sikuwahi kuthubutu. Nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua uso.

"Usijinaki, baba. Si uliipakia kwenye baiskeli?"

Bi Mwajuma akanitazama kama nimetukana.

Baba akageuza kiti. "Baiskeli? Mama yako alikuficha! Ilipata pancha hata Igalula hatujaiacha. Nikaibeba nayo!"

Hiyo ya kubeba baiskeli ilikuwa mpya. Hata mama hakuwahi kuisikia.

Wali ulipoiva, alimaliza sahani nzima akiendelea kusimulia. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, kwa sababu jibu lile mama angelipenda sana.

Miezi yote hii nilikuwa namtafutia baba wasikilizaji. Alikuwa amepungukiwa na mbishi.

Sasa hivi ananiita ukumbini. "Zuhura, yaone mawingu yale. Siku ile ya cherehani yalikuwa vivi hivi."

Nimechukua ungo wa mchele, naenda kukaa pale alipokuwa akikaa mama.