Kabati la Yule Bibi

Shiho, nimerudi kutoka kwa Nagisa sasa hivi.

Si tulikuwa mezani na ule mchezo wake wa kete na kusimulia, sisi mashujaa, yeye wengine wote? Shujaa wangu kaingia nyumba ya watu. Nikasema, "Nafungua kabati, nakunywa dawa." Kama kwenye gemu za kwenye TV tu, unaingia nyumba yoyote unachukua unachokuta. Miaka ishirini nafungua makabati, hakuna aliyewahi kuniuliza!

Nagisa akakunja mgongo, akawa bibi kizee: "Mwanangu, hiyo ni ya mume wangu. Humsikii anavyokohoa?"

Humsikii anavyokohoa, Shiho!

Hata Goro, tuliyekuwa tukicheza naye, kaacha kutafuna mochi, ile keki yake ya mchele.

Nikasema basi, narudi nyuma, iwe sijainywa. Nagisa akasema, "Hapa hakuna kurudi nyuma. Ushakunywa."

Nimefika nyumbani, nimewasha gemu nitulie. Nyumba ya kwanza tu humo, nimekuta kabati.

Nimesimama tu, nasikiliza kama kuna mtu anakohoa.