Mkanda wa Thubutu

Jumapili, Novemba 2007. Mtwara mjini.

Joto la leo halisemeki. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Nimerudi saa tisa kutoka kijijini kwa Mama, nimeoga, nimejilaza sakafuni chumbani kwangu mtaa wa Magomeni, usingizi umegoma. Nikaona bora nije hapa Chuno, internet kafe, nikae kwenye kompyuta ya pembeni ambayo kitufe cha A lazima ukigonge mara mbili.

Mbwa wa Mama anatakiwa kuuawa Alhamisi, na aliyemponza ni mimi.

Haya, nimeandika. Sasa nieleze vizuri, maana wiki nzima nimekuwa nikieleza vibaya.

Mbwa anaitwa Thubutu. Mama alimpa jina hilo kwa ajili ya nguruwe pori, kwa sababu shamba letu la muhogo liko karibu na bonde la Ruvuma na nguruwe wa kule hawana haya hata kidogo. Thubutu alikuwa akibweka, hata mimi mtoto wa nyumbani nikitoka chooni nakohoa kwanza. Kwa nguruwe na ngedere hakuwa na mpinzani. Tatizo lake lilikuwa mbuzi. Tena si mbuzi wa mtu baki, mbuzi wa Mjomba.

Kwetu mjomba akisema amesema. Thubutu alipomrarua paja mbuzi wa pili, Mjomba alikuja mpaka uani kwa dada yake, akatamka mbele ya watu: mbuzi wa tatu, mbwa hana maisha. Mama akanipigia kwa simu ya jirani, analia. Mama yangu, ambaye hajawahi kumgusa mbwa yule hata kwa ncha ya kanga, analia!

Hapo ndipo nikajifanya mjuaji.

Mimi ni mhazili katika ofisi ya mkandarasi mmoja hapa mjini. Wakati huohuo fundi mmoja mgeni alikuwa anamaliza mkataba, anagawa vitu vyake arudi kwao. Wenzangu waligombania feni na masufuria. Mimi nikachukua mkanda wa mbwa wake. Ni mkanda wa shingoni wenye kiboksi, na kwenye kiboksi kuna pini mbili za chuma zinazogusa ngozi. Ukibonyeza rimoti, mbwa anapigwa shoti. Alinipa na kijitabu cha maelekezo, nikakisoma chote. Naomba nisije nikasahau hili: nilikisoma chote.

Kilisema mkanda uvaliwe saa chache tu kwa siku, uvuliwe jioni, na shingo ikaguliwe kila siku. Ukivalishwa, vidole viwili vipite chini yake. Uanze na namba ndogo kabisa, ile ya kumfanya mbwa atikise sikio tu. Kwanza umfundishe neno kwa mdomo mpaka alijue, shoti ije baadaye kumkumbusha. Usibonyeze kama humwoni. Usibonyeze ukiwa na hasira.

Nikaenda kijijini Jumamosi moja na haraka zangu. Nilimdanganya Thubutu kwa dagaa, nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, nikamvalisha mkanda na kuukaza hadi mwisho usije ukamvuka. Rimoti nikaiweka namba sita, na mwisho wake ni nane, nikijiambia mbwa wa kijijini ni mgumu, si kama wale wanaolala kwenye makochi. Kumfundisha Mama ikawa dakika kumi. "Akimfuata mbuzi, bonyeza hapa." Gari la kunirudisha lilikuwa linapiga honi barabarani.

Mama akaifunga rimoti kwenye pindo la kanga. Majirani wakasema mbwa kavalishwa hirizi, tukacheka sana.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya sifa tupu. "Mwanangu, hii ni dawa! Mbuzi wanapita, yeye kajilaza." Nikatembea ofisini kifua mbele kama mtu aliyejenga daraja. Wiki ya pili Mama akasema Thubutu siku hizi habweki. Ya tatu nguruwe waliingia, wakafukua mistari mitatu ya muhogo, Thubutu yuko chini ya uchaga wa vyombo, katulia tuli. Mama akasema amekuwa mpole mno. Nikamjibu kwenye simu kwamba ndiyo malezi hayo.

Malezi!

Leo ndiyo nimejua yaliyokuwa yakitendeka. Mama akisikia mbuzi analia popote, hata kule nyuma ya nyumba ya Mjomba, anabonyeza. Thubutu amelala, anapigwa. Yuko kwenye chakula chake, anapigwa. Anawabwekea nguruwe, mbuzi wanashtuka wanalia, anapigwa. Simlaumu Mama, alifanya kama alivyoelekezwa na binti yake msomi. Lakini yule mnyama masikini hakujua amekosa nini, akaona bora asifanye chochote.

Na mkanda haukuvuliwa. Siku ishirini na tatu.

Jumatatu iliyopita chaji iliisha. Kijijini hakuna umeme, kwa hiyo kiboksi lazima kije mjini. Mama akataka kunirahisishia, nikija niukute mkanda umeshavuliwa. Akainama aufungue kwa mkono wake mwenyewe. Thubutu akamng'ata kiganja, meno yakapita.

Jumanne nilimfuata Mama, nikampeleka hospitali, wakamshona na kumwanzishia sindano za kichaa cha mbwa. Sindano bado anaendelea nazo. Mjomba alikuwa ameshashika rungu tangu Jumatatu ileile. Aliyemzuia ni bwana mifugo wa kata, akasema mbwa afungwe, aangaliwe siku kumi. Mjomba akakubali, ila akaapa kwamba kichaa au si kichaa, siku zikitimia Alhamisi anammaliza, kwa kuwa mbwa anayemuuma anayemlisha hafugiki. Na hapo hakuna aliyembishia.

Jumanne hiyohiyo nilimwona Thubutu. Kafungwa kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, kainamisha kichwa, nzi wamemjaa shingoni chini ya mkanda. Upepo ukaniletea harufu. Nikajua palepale ni nini. Nikageuka, nikaingia jikoni kumkorogea Mama uji.

Sikusema kitu Jumatano. Sikusema Alhamisi wala Ijumaa. Ofisini walioniuliza niliwajibu, "Jamani, mbwa wa Mama kapata kichaa," wakanipa pole, nikazipokea zote. Na mkanda bado uko shingoni mwake, kwa maana nani atamsogelea mbwa mwenye kichaa?

Leo asubuhi nilimkuta Mama amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa bendeji, anajaribu kumenya muhogo kwa mkono mmoja huku ameukandamiza kwa mguu. Nikamnyang'anya kisu. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, nikiangalia muhogo. Mama, yule hana kichaa, ana kidonda. Pini zimemla shingo. Ule mkanda ulitakiwa uvuliwe kila jioni, nilisoma, sikukwambia.

Akaniuliza, "Kwa nini?"

Hapa ndipo pagumu, na ndicho nilichokuja kuandika. Nilimwambia nilijua ukimgusa mbwa akiwa na mate au maji dini itakulazimu kunawa mara saba, moja kwa udongo, kila jioni kabla ya Magharibi, na maji yenyewe ya kuteka kisimani. Nikaona utakataa mkanda na Thubutu atauawa. Ndivyo nilivyomwambia. Lakini hiyo ni nusu. Mfuko wa plastiki haukuvaliwa na Mama, niliuvaa mimi. Nilikuwa naona kinyaa. Nilitaka mbwa wa kutii kwa mbali, asiguswe na mtu, na nikamtwisha Mama dini yangu ya uvivu.

Hiyo nusu ya pili nayo nikaisema. Sijui nguvu ilitoka wapi.

Mama akasema, wala hakupandisha sauti, "Sasa si ungeniambia tu? Ningenawa. Maji yapo, udongo tunaukanyaga. Kunawa kumemshinda nani?"

Yarabi. Afadhali angenizaba kibao.

Nilimpigia bwana mifugo, akaja na pikipiki yake, kavaa glavu. Alimfunga Thubutu mdomo kwa kitambaa kirefu, akanipa gunia nimkumbatie nalo kichwa. Nikamkumbatia. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, moyo unamwenda mbio chini ya mkono wangu. Bwana mifugo akaukata mkanda kwa kisu taratibu, ukatoka na ngozi. Matundu mawili. Kidole changu cha mwisho kingezama. Akamsafisha, akampaka dawa, akamchoma sindano, na katikati ya kazi, bila kuniangalia, akauliza, "Kabla ya kumvalisha, uliujaribu kwenye mkono wako?"

Nikasema hapana.

Baadaye akamweleza Mama kwamba kidonda kile kingemfanya hata yeye bwana mifugo ang'ate, ila siku kumi lazima zitimie, maana kidonda hakizuii kichaa, na sindano za Mama zisikatishwe. Hilo nimelielewa, na sitambembeleza mtu yeyote azipunguze hizo siku.

Tulipomaliza, Mama alinimiminia maji kwa mkono wake mzima, akihesabu kwa sauti. Maji ya kwanza tuliyatia udongo. Alipofika saba akasema, "Umeona? Umekufa?"

Bado Mjomba. Nilikwenda mwenyewe, nikamkuta anatengeneza zizi, nikamrudia maneno yote, hata yale ya kinyaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo aliyeumwa dada yangu, aliyehukumiwa mbwa, na mwenye kosa kalala Magomeni kwenye feni." Nikasema ndiyo, Mjomba. Akapigilia msumari mmoja, akapigilia wa pili. "Alhamisi uje. Akiwa mzima, utamshika kamba mbele yangu, tuone kama anafugika. Akikushinda, nilichosema nimesema."

Kwa hiyo hajaponea. Amepewa nafasi, na nafasi yenyewe ni mimi.

Nilirudi nyuma ya nyumba kumuaga. Alikuwa amelala kivulini, shingo imepakwa dawa ya zambarau, kitambaa cha mdomoni kimeshatolewa. Nikachuchumaa mbali kidogo na kamba ilipofika, nikamwita. Akainua kichwa, akaniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikahisi kifua kimefunguka. Nikatoa simu kwenye pochi nimwulize dereva wa kunirudisha mjini amefika wapi.

Thubutu alipoiona simu mkononi mwangu alijikunja, akabana mkia, akajikojolea palepale alipolala.

Kidude cheusi, kina vitufe, mtu anakielekezea kidole. Angejuaje?

Nimekaa hapa saa nzima na picha hiyo. Naogopa Alhamisi. Naogopa kwamba hana kichaa, atafunguliwa akiwa mzima, na nikishika kamba mbele ya Mjomba ataning'ata, na atakuwa na haki. Kesho nitaomba ruhusa kazini ya siku tatu. Wakininyima nitakwenda hivyohivyo. Nitalala kijijini, nitakaa kwenye vumbi ng'ambo ya kamba yake asubuhi na jioni, mikono wazi, nimwite kwa mdomo tu.

Simu nitaiacha Magomeni.