Ndoo Nilizosahau Kuzihesabu

Nyakato, Musoma
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafuu na mihogo imepata jua la kutosha. Sisi huku tu wazima, tunakula na tunalala. Wajina wako Marcelina anaongea mpaka majirani wanamjibu kupitia ukutani, na Wankyo ameingia mwezi wa nane. Kaka Boniphace ameniambia umeapa kwamba safari hii hukanyagi kwangu mkamwana wako akijifungua. Barua hii naiandika kwa sababu hiyo. Ila niache kwanza nikusimulie kazi niliyoipata Bunda, maana bila kazi ile nisingekuwa na uso wa kukuandikia.

Masista wa Manyamanyama wana nyumba ya kupumzikia akina mama waliojifungua, vitanda kumi na viwili. Miaka yote walichemsha maji kwa kuni, sasa wakataka boila la gesi, na Sista Hilda, msimamizi wao, akaniita nichague la ukubwa gani. Mama, kichwa kilivimba. Boila halichaguliwi kwa macho kama sufuria. Likiwa dogo, mtu wa tano anaoga baridi. Likizidi ukubwa, linawaka, linazima, linawaka, linazima, linamaliza mitungi ya gesi na kuchakaa kabla ya siku zake. Edwin mwenye duka la vifaa aling'ang'ania nichukue la kilowati sitini, eti kikubwa hakimwaibishi mtu. Nikamwambia kinamwaibisha anayenunua gesi.

Nikapiga hesabu zangu: akina mama kumi na wawili, kila mmoja lita ishirini na tano za maji ya moto, wote ndani ya saa moja ya asubuhi. Nikapata kilowati kumi na nane, na akiba ikiwemo. Sista Hilda akasaini karatasi, tukakubaliana kesho yake niagize.

Kesho yake nikafika mapema kupima njia ya mabomba, nikakuta foleni ya ndoo jikoni. Waliozipanga si wazazi wenyewe, bali mama zao na mama wakwe zao, kila mtu na beseni na kitambaa, wanangoja maji ya moto ya kuwakandia wazazi miili. Mmoja wao, Bibi Kwangu, ambaye binti yake alikuwa na siku tano tangu ajifungue, aliniuliza maji yao nimeyapanga wapi. Nikamwonyesha karatasi. Akaniambia, "Wewe fundi umehesabu wanaooga tu? Sisi tunakandaga asubuhi na jioni, kila mtu ndoo nzima. Hiyo ndoo itatoka mbinguni?" Wenzake walicheka hadi mmoja akaketi chini. Nami nikacheka, ningefanyaje? Nilikuwa nimehesabu vitanda, nikawasahau wanaokaa pembeni ya vitanda.

Nikaongeza ndoo kumi na mbili za lita ishirini, zote saa ile ile, hesabu ikapanda hadi kilowati ishirini na nane. Sista Hilda hakukasirika. Alisema afadhali kufuta karatasi kuliko kung'oa chuma. Sasa boila lina wiki mbili ukutani, maji yanatosha wote, na nikipita Bunda wananiita kunywa uji. Nina furaha na kazi ile, Mama, siwezi kukuficha.

Lakini siku ile ya foleni Bibi Kwangu aliniuliza jambo jingine. Aliuliza mke wangu alikandwa na nani alipomzaa Marcelina. Nikajibu kwa kujidai kuwa ni mama yangu. Siku ngapi? Nikasema tatu. Akaniuliza, "Tatu? Si arobaini? Kwani mama yako alifiwa?"

Mama, Wankyo hakuwahi kusema amekuchoka. Hakusema nyumba ni ndogo, wala hakusema urudi Kiriba. Maneno yale niliyatunga mimi. Kila ulipombonyeza kwa kitambaa cha moto alipiga kelele, nami pale sebuleni moyo ulinishinda. Badala ya kukwambia mwanao ni mwoga, nikamtwisha mkamwana wako maneno yangu. Na yeye nikamdanganya kwamba umeitwa nyumbani kuvuna. Zaidi ya miaka miwili sasa unamsalimia kama mpita njia, naye ananiuliza alikukosea nini. Nilijua jibu, nikanyamaza. Naona aibu, Mama. Nisamehe.

Juzi nimemwambia yote. Siku nzima hakunisemesha, na sikustahili kusemeshwa. Kisha akachukua simu akupigie. Nikamwomba barua itangulie, kwa kuwa kwenye simu ningekwepa tena, na hapa nimeshaandika kwa wino. Ukiona hunitaki machoni, mimi nitakwenda kulala kwa rafiki yangu Revocatus siku zote utakazokuwa hapa. Ila wewe njoo.

Nisalimie kaka na watoto wake, na majirani wote wanaokuulizia habari zetu. Mungu akutunze.

Mwanao mkosefu anayekupenda,
Gasper

Mama, shikamoo. Ni mimi Wankyo, nimemnyang'anya kalamu. Asiende kwa Revocatus, akae atuchotee maji. Njoo, Mama. Na nikipiga kelele, wewe endelea tu kunikanda.